Safu Mbili

Mwalimu Torben alinipa daftari,
akapiga mistari kwa rula:
kushoto Kipepeo, kulia Nzi.
Kazi ya Julai, krona mia kwa siku:
kaa juu ya mwamba nyuma ya kiwanda cha samaki,
hesabu nani anatua kwenye ua jeupe la petali nane,
lile linalogeuza uso kulifuata jua
kama dishi la televisheni juu ya paa la Aqqaluk.

Siku ya kwanza: kipepeo mmoja.
Niliandika hadi saa yake, saa nne na dakika sita.
Rangi ya kutu, madoa ya wino.
Akakunjua mrija wake taratibu,
kama fundi cherehani anavyokunjua utepe wa kupimia,
akanywa mbochi, akaondoka bila kulowa.
Nilisahau kuhesabu.
Nilipokumbuka safu ya kulia
nzi walikuwa arobaini, au hamsini.
Nzi hangoji kuhesabiwa.

Hana mrija, huyu.
Ana kitu kama sponji ya jikoni
na kwa hicho anapangusa sakafu ya ua,
kona zote,
hata pale ambapo msimamizi hatazami.
Na anakotoka ninakujua:
kwenye kichanja cha Aqqaluk, kwenye nyama ya sili
iliyoning'inia siku ya nne, nyeusi, inang'aa mafuta.
Ametoka msibani akaingia arusini
bila kunawa.
Nilimwandika kwa chuki. Vijiti vinne na mkato,
vijiti vinne na mkato.

Dada yangu Ivalu anataka achorwe kipepeo begani
akifika Nuuk.
Kwa nini si nzi? nikamuuliza.
Kahawa ilimtoka puani.

Watalii wa meli nao walipanda mwambani,
wakalala kifudifudi na kamera ndefu.
Mmoja akapunga mkono,
nzi atoke kwenye picha.

Tarehe kumi na tisa theluji ilianguka.
Julai, ndiyo. Siku mbili nzima.
Kipepeo alifunga mbawa ubavuni mwa jiwe
kama barua ambayo haikutumwa.
Safu ya kushoto: sifuri. Sifuri.
Kisha jua likachungulia, halikufika hata robo saa,
na katika kila kikombe cha ua
nzi ameketi, anaota moto,
vinyweleo vya mgongo vimejaa unga wa njano.
Akaruka ua la pili. La tatu.
Kila alipotua aliacha kidogo,
bila kujua, nadhani,
kama mtu anavyoacha matope ya viatu nyumba za watu.

Mmoja nilimkuta amekufa ndani ya ua, miguu juu.
Husemwa nzi kufa juu ya kidonda si haramu.
Hawajasema kitu
juu ya nzi aliyekufa juu ya ua.
Nilimhesabu naye.

Agosti maua yalikuwa yamegeuka manyoya,
meupe, yamesokotwa, kila unyoya na mbegu yake.
Torben alijumlisha:
vipepeo kumi na mmoja,
nzi elfu mbili mia tatu na kitu.
Akauliza, wewe unampenda yupi?
Kipepeo, nikasema. Sikudanganya.
Kipepeo hana kosa. Naye alikuja na njaa yake.

Lakini mwaka jana
nilimwomba mama asinikumbatie mbele ya shule
kabla hajaoga,
na jioni ile alipanda ngazi kutoka kiwandani
na magamba kwenye mikono ya sweta,
na nzi mmoja begani.
Ivalu akainua kitambaa.
Mwache, nikasema.
Huyo ni wa daftarini.